Lori Lililoliliwa Homa Bay

Kitendawili chenyewe si kigumu: gari lina abiria mmoja tu, naye halalamikii mwendo, haombi dirisha lifunguliwe, na hajawahi kumwambia dereva amshushe hapo mbele. Ukishindwa kutegua, usijali. Maroa alikuwa akiliendesha gari hilo karibu kila siku ya Mungu na bado hakupenda kulitaja. Wageni wakimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko kwenye usafiri. Wakimuuliza ni usafiri wa kutoka wapi kwenda wapi, alisema, "Wa kupeleka watu nyumbani," na kwa kweli hakuwa amedanganya.

Lilikuwa gari la maiti, jeupe, lenye mapazia ya zambarau, mali ya mzee Angwenyi wa Migori mjini. Mzee Angwenyi alikuwa Msabato wa kweli kweli. Jumamosi, siku ambayo nusu ya Nyanza huzika, gari lake lilipumzika pamoja naye. Ndiyo maana aliheshimiwa sana kanisani na kuhurumiwa sana na wafanyabiashara wenzake.

Siku zilizobaki, gari lilikuwa la Maroa. Kutoka Migori hadi Homa Bay, hadi Mbita, hadi ng'ambo Rusinga, kijana huyu alijulikana kuliko mwakilishi wa wadi, na tofauti na mwakilishi, yeye alionekana hata baada ya uchaguzi. Aliendesha taa zote zikiwaka mchana kweupe, polepole, akiyavuka matuta kama mtu anayebeba uji wa mgonjwa. Jeneza halikuteleza. Mjane hakugonga kichwa. Waendesha boda wa kila kituo walipomwona walivunja matawi, wakayafunga mbele ya pikipiki zao na kumsindikiza kwa honi, maana huku kwetu maiti hapiti kimya kimya kama mwizi.

Desturi alizijua zote. Ukifika mtoni, marehemu huambiwa kwamba sasa anavushwa, asije akabaki ng'ambo akitangatanga. Hiyo ni kazi ya jamaa. Lakini jamaa wa siku hizi wakishapanda gari, ama wanapigana na usingizi, ama wanapigana wao kwa wao juu ya shamba. Basi Maroa, mtoto wa Kikuria, alijifunza Kijaluo cha kutosha kumwambia mtu asiyemjua, kwa adabu, kwamba hapa ni Mto Kuja na tunavuka pamoja.

Kazi ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa Damaris.

Damaris alikuwa fundi wa kushona pale Migori. Ni yeye aliyeshona yale mapazia ya zambarau, na walijuana alipokuwa ndani ya gari akipima madirisha na Maroa akimshikia ncha ya utepe. Wengine hupendana kwenye harusi. Damaris hakuogopa gari wala dereva wake. "Wafu hawajawahi kunikosea," alikuwa akisema. "Wateja wangu wote wasumbufu wako hai."

Wazazi wake hawakuwa na ucheshi huo. Siku Maroa alipokwenda kujitambulisha kwao, upande wa Kehancha, mama mtu, Kezia, alimsalimu akiwa mbali, kwa kupunga kiwiko. Chai aliletewa kwa kikombe cha plastiki cha kijani ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Alipoondoka, kiti alichokalia kiliachwa juani mpaka kesho yake. Kezia akakiombea kwa jina la Yesu, halafu akakinyunyizia na majivu kwa desturi ya wazee, ili pasiwe na upande utakaolalamika kwamba haukupewa kazi.

Baba mtu, mzee Nyangau, angalau alisema.

"Kijana, sina ubaya na wewe. Una adabu. Lakini hiyo mikono ikipokea binti yangu, itakuwa imetoka kupokea nini?"

"Huwa nanawa, baba."

"Hata Pilato alinawa."

Nyangau akaendelea, akitazama ng'ombe wake na si mgeni wake.

"Tafuta kazi ya kubeba watu wanaopumua. Ukipata, njoo, mlango uko wazi. Lakini Damaris hatangoja mpaka meno yang'oke. Huu mwaka ukiisha bila kitu, kuna mwalimu Motari wa Isebania ameshauliza. Ana pikipiki yake, na chaki haina mkosi."

Ndivyo mambo yalivyosimama: upande mmoja mwalimu na chaki yake, upande mwingine Maroa na mapazia. Damaris alipoambiwa alisema mwalimu Motari akitaka ataoa pikipiki. Lakini binti wa Nyangau kusema ni kitu kimoja, na ng'ombe kuvuka boma la Nyangau bila ruhusa yake ni kitu kingine kabisa.

Aliyeleta habari ya jeshi alikuwa Ochieng, mwenzake wa kwenye gari, yule anayeshika upande wa pili wa jeneza. Alikuja mbio akiwa na simu mkononi.

"Omera! Jeshi wanataka madereva!"

"Jeshi gani?"

"La Wokovu," Ochieng akasema. "Jeshi la nchi, jamaa! Mwenye leseni ya lori, mwenye uzoefu, asiyekunywa. Usaili ni Homa Bay, uwanjani. Wewe si uko na leseni ya lori tangu ukiwa unabeba miwa Awendo?"

"Umri je?"

"Umri mwisho ni huo wako. Mwakani wewe ni mzee wa serikali."

Maroa alipiga simu Kehancha kabla hajamaliza kusoma tangazo. Mzee Nyangau alisikiliza, akakohoa, akasema jeshi ndiyo kazi. Kazi ya mwanamume. Kazi ambayo mtu akipita watoto wanasimama. Haikumjia akilini kwamba jeshini pia watu hufa. Au labda ilimjia, akaona kwamba kule hufa kwa mpangilio, wakiwa wamejipanga mstari.

Siku ya usaili uwanja wa Homa Bay ulijaa vijana kama mashindano ya shule. Walikimbia, wakaruka, wakafunguliwa midomo na kutazamwa meno kama punda wa mnadani. Walioonekana na nyayo bapa walirudishwa kwa mama zao. Maroa alipita yote. Daktari alimwambia mapigo ya moyo wake yako chini sana kwa mtu aliyetoka kukimbia.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Usafiri, daktari."

"Abiria wako lazima wawe watu watulivu."

"Sana, daktari."

Mwishoni wakabaki madereva wachache tu, wamechorwa namba kifuani kwa kalamu nene, wakakabidhiwa kwa Sajenti Bochaberi. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia imemkaa kichwani kama imepigwa msumari, na sauti yake haikuhitaji kipaza. Nyuma yake lilisimama lori la jeshi la kijani, refu, limefunikwa turubai.

"Sikilizeni," alisema. "Mmoja anaendesha, wengine wanakaa nyuma. Tunatoka hapa, tunashuka sokoni, tunashika njia ya Rodi, tunavuka daraja, tunageuza, tunarudi. Dereva wa jeshi hashuki kwenye gari bila amri. Gari likiwaka moto, ungoje amri. Mmeelewa?"

"Ndio, afande!"

"Namba nne. Panda. Endesha kawaida yako. Sitaki mtu wa kuniigizia."

Namba nne alikuwa Maroa, na hapa ndipo neno moja la sajenti lilipoharibu siku nzima, maana Maroa alikuwa mtu mtiifu. Aliambiwa aendeshe kawaida yake. Akapanda, akarekebisha kioo, akawasha injini, akawasha taa zote za mbele, akawasha na zile za kupepesa. Kisha akaliachia lori litoke uwanjani kwa mwendo wa bibi harusi.

Sajenti Bochaberi akamtazama, akatazama barabara, akaandika kitu.

Walishuka kuelekea sokoni. Mwendesha boda wa kwanza aliliona lori, akaona taa, akaona mwendo. Alipoinua macho akaona nani ameshika usukani, alizima redio yake. Mwenzake akavua kofia. Watu wa Homa Bay si wajinga, wanajua kujumlisha. Lori la jeshi, ongeza taa mchana, ongeza polepole, ongeza Maroa wa mapazia ya zambarau. Jibu lilikuwa moja tu.

"Yawa! Wameleta mwanajeshi!"

"Nani huyo?"

"Si unaona ni Maroa anaendesha? Jeshi lenyewe wamekodi Maroa!"

Matawi yakaanza kuvunjwa. Wauzaji wa nyanya walisimama. Mama mmoja, ambaye hakuwa na jamaa yeyote jeshini wala mpango wa kumpata, aliweka mikono kichwani na kutoa ukemi wa kwanza, na ukemi wa namna hiyo ukishatoka, ukoo mzima wa makoo huitikia. Pikipiki mbili zikatangulia mbele ya lori zikipiga honi. Zingine, sijui ngapi, zikafuata nyuma.

"Hawa wanataka nini?" Sajenti Bochaberi akauliza.

"Wanasindikiza, afande," Maroa akajibu, mikono kwenye usukani, macho mbele. Kwake yeye hakukuwa na jambo geni. Barabara ilikuwa kama alivyoizoea tangu siku zote: matawi, honi, wanawake wakilia. Angeshtuka kama ingekuwa kimya.

Sajenti hakuwa mtu wa ziwa, alikuwa wa huko Kisii ya ndani, na tangu aingie jeshini amekaa kambi za kaskazini. Alidhani labda huku kwa ziwa ndivyo wanavyolipenda jeshi. Kusema kweli alifurahi kidogo. Alinyoosha shingo akapungia watu mkono. Waliopungiwa wakalia zaidi.

Wakafika darajani. Maroa akapunguza mwendo ambao tayari haukuwa na cha kupunguzwa, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ya heshima:

"Sasa tunavuka mto. Twende pamoja. Usibaki."

Sajenti akaushusha mkono wa kupungia.

"Namba nne," Sajenti Bochaberi akasema polepole. "Unaongea na nani?"

Ndipo Maroa alipoamka. Aliona kalamu ya sajenti imesimama. Alisikia honi, akaona matawi, na pikipiki moja iliyofungwa kitambaa cheusi. Jasho lilimtoka kama amekimbia upya.

"Na... wa nyuma, afande."

"Wa nyuma wanakusikia?"

"Wangu huwa hawajibu, afande."

Huu ulikuwa usaili wa tisa au wa kumi wa sajenti. Ameona madereva walevi, ameona dereva aliyekuja na leseni ya shemeji yake. Hajawahi kuona huyu. "Geuza," akasema. "Turudi. Na uzime hizo taa."

Maroa akageuza, akazima taa, akaongeza mwendo. Lakini habari ikishavaa viatu, kuzima taa hakuivui. Boda wawili walikuwa wamekwisha katiza mbele kupitia kichochoro, na hawakwenda tu popote. Walikwenda kwa Rispa.

Rispa alikuwa akikaanga samaki karibu na njia ya kurudi uwanjani, na mji mzima ulijua kwamba mwanawe, Duke, yuko na jeshi mpakani, kule ambako redio ikitaja jina la mahali, mama huyo huacha mafuta yaungue. Watu wenye huruma sana hawawezi kungoja. Walimwambia kabla hajauliza. Walimwambia kwa namna ile ya kutoambia: mama, zima jiko. Mama, jifunge leso. Mama, kuna gari linakuja.

Lori lilipokata kona, Rispa alikuwa ameketi katikati ya lami, miguu ameinyoosha mbele, hana viatu. Hakuwa akilia. Alikuwa akimtazama dereva.

Maroa alikanyaga breki, na hata hapo, kwa mazoea, alikanyaga taratibu. Kwenye ile kazi ameona nyuso nyingi, lakini nyuso hizo zote huwa zimekwisha pata habari ya kweli. Huu uso ulikuwa umepata habari yake yeye: taa zake, mwendo wake, sura yake nyuma ya kioo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amemuua Duke asubuhi ile.

"Afande, naomba kushuka."

"Piga honi aondoke."

"Afande, hataondoka. Ana mtoto jeshini. Anafikiri nimemleta."

"Umemleta nani?"

"Mtoto wake."

Sajenti Bochaberi akatazama nje, na sasa, kwa mara ya kwanza tangu watoke uwanjani, yeye pia akajumlisha. Matawi. Vilio. Wale aliowapungia mkono. Akawa kama mtu aliyemwagiwa maji. Amri ikachelewa kutoka.

Maroa hakuingoja. Alijua analofanya. Akilini aliliona boma la Nyangau, akaiona pikipiki ya mwalimu Motari imeegeshwa mlangoni, inang'aa. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, akafungua mlango, akashuka.

"Mama," alisema, akichuchumaa mbele yake. "Mama, ni mimi Maroa. Sijabeba mtu. Onge ng'ama otho. Hakuna aliyekufa."

"Usinidanganye, mwanangu." Rispa aliongea kwa utulivu wa kutisha. "Hivyo ndivyo nyinyi husema. Mnasema ni mgonjwa tu, njoo nyumbani umwone. Mtu akifika anakuta viti vimekodishwa."

"Ni mtihani, mama. Natafuta kazi. Nimeendesha vibaya tu."

"Wewe? Uendeshe vibaya?" Umati wote ukaguna kukubaliana naye, hapo Maroa hakuaminika hata kidogo. "Basi fungua."

"Nifungue?"

"Fungua nyuma nione."

Maroa akamtazama sajenti, ambaye sasa alikuwa amesimama kando ya gurudumu. Sajenti hakusema ndiyo, hakusema hapana. Maroa akalegeza kamba, akainua turubai.

Wale vijana saba waliokuwa wameketi ndani na namba zao kifuani walichungulia nje wakaona mji wote unawatazama huku unalia. Mmoja, kijana wa Kisegi, akasema, "Sasa, watu wangu," kwa sauti nyembamba, maana hakupata kingine cha kusema. Mwanamke mmoja alizimia. Wengine wakarudi nyuma.

Rispa hakurudi. Alishikwa mkono na Maroa akapanda mle ndani. Akawagusa mmoja mmoja shavuni kama anayechagua samaki, akainama kutazama chini ya mabenchi. Akachungulia nyuma ya gurudumu la akiba. Hakukuwa na sanduku. Akakaa kwenye benchi katikati ya namba sita na namba mbili, na hapo ndipo alipolia.

"Simu yake," Sajenti Bochaberi akasema. "Mama, unayo namba yake? Nipe hiyo simu."

Rispa akamkabidhi, sajenti akabonyeza mwenyewe. Ikaita. Ikaita tena. Mji wa Homa Bay, ambao haujawahi kunyamaza hata kwa sala, ukanyamaza.

"Haloo, mama?" Sauti ya Duke ilitoka kubwa, imeudhika. "Mama, niko kwa foleni ya chakula. Maharagwe yanaisha hapa. Kuna nini?"

"Hakuna," Rispa akasema. "Kula."

Kicheko kilichofuata kiliwatoa ndege kwenye nyaya. Waendesha boda wakaanza kufungua matawi yao, wengine kwa furaha, wengine, lazima isemwe, kwa masikitiko kidogo, kama watu walioalikwa sherehe ikaahirishwa. Waliokuwa katikati ya kilio walikimalizia tu, kwa sababu kilio kikishafika shingoni hakimezeki. Rispa akashuka, akajifuta uso kwa leso, akamwendea Maroa na kumzaba kofi moja safi. Kisha akamfungia samaki wawili kwenye gazeti.

"Kofi ni ya kunitisha," akasema. "Samaki ni ya kushuka."

Safari iliyobaki hadi uwanjani Sajenti Bochaberi aliandika tu. Gari lote lilinukia samaki wa kukaanga. Walipoegesha, ndipo alipogeuka.

"Umeshuka bila amri."

"Ndiyo, afande."

"Umeendesha lori la jeshi kama kitanda cha hospitali. Umeongea na mto."

"Na marehemu, afande. Mto huwa hauambiwi kitu."

"Kimya." Akafungua mlango, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye hema la wakubwa wake. Maroa akakaa kwenye nyasi na samaki wake, akampigia Damaris simu.

"Nimeanguka," alimwambia.

"Umeumia?"

"Mtihani, Dama. Nimeanguka mtihani."

Akamweleza yote. Damaris alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, akacheka mpaka cherehani yake ikasikika ikisimama. Alipoishiwa kicheko akauliza:

"Na huyo mama yuko sawa?"

"Yuko sawa."

"Basi ulifanya nini kibaya?" akasema. "Mwalimu Motari angepiga honi."

Jioni majina yalisomwa. Maroa alikuwa amejipanga nyuma kabisa, karibu na lango, ili aibu isipate kazi ndefu ya kumsindikiza. Jina lake likasomwa la nne. Hakusogea. Likasomwa tena, na mara ya pili aliyelisoma alikuwa Sajenti Bochaberi mwenyewe, na huyo hakuna aliyediriki kumngojesha ya tatu.

"Kuendesha haraka utafunzwa," alimwambia alipofika mbele. "Amri utafunzwa pia, na hilo litakuuma. Hao saba wa nyuma nimewauliza. Hakuna aliyegonga kichwa. Toka mbele yangu."

Basi Maroa akaenda mafunzoni Eldoret. Huko walimnyoa, wakamkimbiza matopeni, wakamfokea mpaka akajifunza kungoja amri hata kabla ya kupiga chafya. Mzee Nyangau alimtangazia kila mtu kwamba mkwe wake mtarajiwa ni mwanajeshi, ila kwa kuwa ni mtu wa tahadhari hakumfukuza mwalimu Motari. Alimwomba tu apunguze kuja. Mwalimu akapunguza mpaka akaoa kwingine.

Maroa aliporudi likizo yake ya kwanza alikwenda Kehancha akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Kezia alimwona akiwa mbali, na safari hii umbali haukumpendeza. Alitoka mbio, akaushika mkono wa Maroa kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama anayeteka maji kisimani. Kiti alichopewa kilikuwa na kitambaa cha kufumwa. Kikombe kilikuwa cha udongo mweupe, chenye maua, kile cha mchungaji. Wazee wa jirani walikuwa wamekwisha keti, na mbuzi alikuwa amekwisha acha kulalamika.

"Sasa, mwanangu," Nyangau akaanza, ameegemea kama mtu aliyeshinda kesi. "Waambie hawa wazee. Jeshini wamekupa gari gani?"

Maroa angeweza kusema lori. Damaris, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, alijua jibu, maana aliandikiwa mapema, na alijua pia kwamba Maroa hataficha. Alimtazama tu.

"Nimepangiwa gari la maiti, baba," Maroa akasema. "Wanajeshi wakifariki, mimi ndiye ninayewapeleka kwao. Madereva wengine hawakulitaka. Sajenti alinipendekeza."

Kuku mmoja alipita katikati ya baraza, akanyoosha mguu, akaona si wakati, akaondoka. Kezia alikuwa bado hajauachia ule mkono.

"Gari la maiti," Nyangau akarudia.

"Ndiyo, baba."

"La jeshi?"

"La jeshi."

"Lina bendera?"

"Bendera huwa juu ya sanduku, baba. Na mbele kuna pikipiki za msafara."

"Mmesikia?" Nyangau akawageukia wazee, uso unang'aa. "Bendera! Na msafara! Hiyo si kazi ya kupewa kila mtu. Hiyo ni kazi ya uaminifu."

"Maiti ya serikali haina mkosi," Kezia akaongeza, akausugua ule mkono taratibu, pengine apate baraka. "Imeshaombewa na wakubwa."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kama mtu wa kawaida anaweza kuomba abebwe na gari hilo. Akaambiwa ni lazima kwanza aandikwe jeshini. Akasikitika kwa umri wake.

Damaris akaliweka birika chini, katikati ya vikombe, kwa kishindo kidogo.

"Baba, kwa hiyo kilichokuwa kimekosekana ni kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Bendera. Mimi ni fundi, baba. Ungesema siku ile, ningeshona nikaitandika kwa lile gari la mzee Angwenyi, tukaoana tangu mwaka jana."

"Binti, usiongee hivyo mbele ya wazee."

"Nimemaliza kuongea."

Akaingia ndani. Ilisikika sanduku la bati likivutwa kutoka chini ya kitanda, na kufuli lake, ambalo siku zote lilikuwa gumu, likapigwa na kitu.

"Damaris!" baba yake akaita. "Mahari hatujamaliza! Ng'ombe hata hawajahesabiwa!"

Alitoka na sanduku kichwani na makasi yake ya kazi mkononi, akapita kando ya mbuzi, akapita kando ya wazee.

"Malizeni tu," akasema. "Mimi natangulia Migori."

Maroa akauomba mkono wake kwa Kezia, akaupata. Akasimama, akavaa kofia, akawapigia wazee saluti, maana katika yote aliyofundishwa hakuna aliyemfundisha ni salamu gani inayofaa hapo. Halafu, bila kungoja amri ya mtu yeyote, akamfuata.